Trela la porini lenye maputo ya upepo: linainama, linagonga, linakula matairi

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye trela lake tayari liko barabarani na linamsumbua. Silengi trela la kiwandani. Nalenga lile lililochomelewa gereji: fremu ya skwea paipu, na kila tairi lina mkono wake badala ya ekseli moja inayovuka kutoka upande hadi upande. Mkono umefungwa mbele kwa bolti na bushi, tairi liko mwisho wa mkono kwa nyuma, na katikati, juu ya mkono, limekaa puto la mpira lililojaa upepo. Pembeni kuna shokapu. Mtindo huu umezoeleka kwenye matrela ya kambi huko Australia, na huku kwetu unawavutia watu wa safari wanaotaka mzigo ufike Seronera au Baragoi mayai yakiwa mazima.

Trela la namna hii likianza vituko, wa kwanza kulaumiwa ni puto, kwa sababu ndicho kitu kigeni. Mara nyingi linasingiziwa. Ukweli uko kwenye vipimo vya mikono, kwenye bushi, au kwa aliyejaza upepo bila kujua geji inamwambia nini.

Rula kwanza, geji baadaye

Bila kulielewa hili utazunguka gereji zote za mji: geji ya puto haikuambii puto lina upepo kiasi gani. Inakuambia puto limebeba uzito gani.

Chukua trela la kilo 1,000 pamoja na mzigo. Kilo 100 zimelala kwenye kiungo cha kuvutia nyuma ya gari, 900 zinabaki kwa matairi mawili, yaani 450 kila upande. (Kwa usahihi zaidi ungetoa uzito wa tairi na habu (kitovu kinachobeba tairi), maana puto halivibebi, lakini kwa hesabu ya gereji inatosha.) Sasa pima mkono. Kama kutoka bolti ya mbele hadi katikati ya habu ni mm 500, na puto limekaa mm 300 kutoka bolti hiyo hiyo, puto halibebi kilo 450. Linabeba 450 mara 500 gawanya kwa 300, ambazo ni 750. Puto lenye kipenyo cha kazi (upana wa pale upepo unaposukuma) cha sm 13 lina eneo la sentimita za mraba 133 hivi. Gawanya 750 kwa 133 upate kilo 5.6 kwa kila sentimita ya mraba, ambayo kwenye geji ni karibu bar 5.5 au psi 80.

Toa upepo kidogo. Trela litashuka, lakini uzito haujabadilika, kwa hiyo geji inarudi karibu pale pale. Itaanza kuanguka kweli pale mkono utakapoegemea stopa (kizuizi cha mwisho wa mwendo wake) na chuma kuanza kubeba. Ndiyo maana fundi anayechungulia geji na kusema "presha iko sawa, hakuna pancha" hajapima kitu.

Kiasi cha upepo kinaonekana kwenye kimo. Weka trela kwenye sakafu tambarare likiwa na mzigo wake wa kawaida, pima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa chini wa fremu pande zote mbili, kisha andika namba hiyo kwa rangi ndani ya fremu mahali ambapo hata dereva mgeni ataiona. Kimo kizuri ni kile kinachoacha mkono ukikaribia kulala sambamba na ardhi, ukiwa na nafasi ya kupanda na ya kushuka. Kuanzia hapo unajaza upepo kufuata rula. Geji ina kazi yake nyingine: vimo vikiwa sawa lakini geji za kushoto na kulia zinatofautiana, mzigo umeegemea upande mmoja. Hamisha ndoo za maji kabla hujafungua spana.

Na usiingie chini ya trela lililoshikiliwa na puto peke yake, hata kwa dakika moja ya kuchungulia. Jeki, halafu stendi chini ya fremu, halafu mtu.

Asubuhi upande mmoja umelala

Uliza kwanza kama ni upande mmoja kweli. Ukitoka Mto wa Mbu mchana wa nyuzi 35 ukalala ukingoni mwa Ngorongoro kwenye nyuzi 10, upepo ndani ya puto unanywea kwa asilimia 8 hivi. Kwa puto lenye kimo cha sm 15, tairi linaweza kupanda karibu sm 2 ndani ya fremu. Pande zote zitashuka sawasawa, na jua likiwaka zitarudi. Huo si ugonjwa, na ukiongeza upepo alfajiri, mchana utakuta trela limesimama kwa vidole.

Upande mmoja ukishuka peke yake, hapo kuna mvujo. Maji ya sabuni kwenye chupa ya kupulizia yanatosha, ila fuata mpangilio: viungo vya paipu kwanza, kisha valvu ya kujazia, kisha ukingo ambapo mpira wa puto unakutana na bati, na mwili wa puto mwisho kabisa. Watu huanza na puto, wakamaliza sabuni huko.

Kwenye viungo vya kusukuma kwa kidole, yale ya paipu za mm 6 au mm 8, kosa la kawaida ni paipu iliyokatwa kwa koleo. Koleo linaibonyeza na kuikata mshazari, na ile oringi (pete ya mpira) ndogo ya ndani haipati mahali pa kukaa. Toa paipu, kata kipande cha sm 2 kwa wembe mkali, wima kabisa, angalia kama ngozi ya nje haina mikwaruzo ya urefu, rudisha hadi usikie ikigota mara ya pili. Kwenye nyuzi za chuma, tredi tepu iachie uzi wa kwanza wazi. Vipande vyake vikikatika huingia kwenye valvu, na valvu isiyofunga vizuri kwa sababu ya uzi mweupe mwembamba kama huo inaweza kukusumbua wiki nzima.

Sabuni isipoonyesha kitu, igawe njia. Funga puto kwa valvu moja kwa moja pale juu yake, bila paipu, jaza hadi kimo chake, acha usiku. Likibaki juu, puto ni zima na mwizi yuko kwenye paipu au swichi za upepo za ndani ya gari, kama zipo.

Kuna mvujo unaotokea barabarani tu, na trela likisimama unapotea. Inua fremu kwa jeki hadi tairi lining'inie lote, kisha angalia paipu ya upepo. Ikiwa imekazika kama kamba, kila shimo unalopita linaivuta kutoka kwenye kiungo. Iongezee urefu, ipitishe karibu na bolti ya mkono ambako mwendo ni mdogo, na pale inapogusa fremu ivishe kipande cha mpira wa bustani.

Kwenye kona linalala

Fuata paipu. Ukikuta kushoto na kulia vimeunganishwa kwa kiungo kimoja cha umbo la T bila valvu katikati, umemaliza uchunguzi. Trela likiingia kona, uzito unaenda upande wa nje, puto la nje linausukuma upepo wake kwenda kwa mwenzake wa ndani, na trela linazidi kulala. Kila puto liwe na njia yake na geji yake. Anayesema njia moja "inasawazisha" anasema kweli kwenye sakafu ya gereji tu.

Linadunda nyuma ya gari

Springi za majani zinasuguana zenyewe kwa zenyewe, na msuguano huo unaua sehemu ya mdundo hata shokapu zikiwa zimekufa. Puto halina msuguano wa maana. Kwa hiyo kwenye trela la maputo shokapu ndiyo kila kitu, na shokapu iliyochoka ambayo kwenye trela la majani ungeivumilia miaka, hapa inajitangaza siku hiyo hiyo.

Jaribio la kubonyeza kona kwa uzito wa mwili ni gumu kwenye trela zito. La uhakika zaidi ni la joto. Ukishatoka kwenye kipande kibaya, mikunjo ile midogo ya mfululizo kati ya lango la Naabi na Seronera kwa mfano, simama na usogeze kiganja karibu na kila shokapu bila kuishika. Shokapu inayofanya kazi ni ya moto, maana kazi yake ni kugeuza mdundo kuwa joto. Moja ikiwa ya moto na nyingine ya vuguvugu, ile ya vuguvugu imekufa.

Shokapu mpya zikiwa hazisaidii, angalia zilivyofungwa. Iliyofungwa karibu na bolti ya mkono inasogea kidogo mno, hata iwe ya bei gani. Iliyolala mshazari sana vivyo hivyo. Sehemu yake ya chini iwe karibu na habu kadiri nafasi inavyoruhusu, na yenyewe iwe karibu wima.

Halafu kuna matairi. Watu wanajaza matairi ya trela sawa na ya gari lenye abiria tisa. Tairi la 265/70R16 lililobeba kilo 450 halihitaji psi 45 kwenye changarawe. Psi 25 hadi 30 na mwendo wa wastani vinabadilisha trela kuwa kitu kingine. Ukifika lami, rudisha upepo.

Linagonga

Sikiliza ni kugonga kwa namna gani, maana tiba zinapishana.

Mgongano mkavu wa chuma mara tu baada ya tuta, tairi likiwa linadondoka, unatokana na mkono kufika mwisho wa chini. Hutokea zaidi trela likiwa tupu, na sababu yake ni ile ile ya geji: mtu ameambiwa "bar 5.5", akajaza bar 5.5 kwenye trela lisilo na mzigo. Puto limesukuma fremu hadi juu kabisa, na presha imepanda kwa sababu halina tena pa kwenda. Toa upepo hadi kimo kirudi kwenye alama ya rangi. Kisha hakikisha kuna mkanda imara au cheni inayokazika kabla ya shokapu kufika mwisho wake. Mahali pasipo na mkanda, kinachozuia mkono usidondoke ni sikio la juu la shokapu. Halikuumbwa kwa kazi hiyo, na litang'oka.

Mgongano mzito wa ndani, kwenye korongo au shimo, ni mkono kupanda hadi stopa. Pakaza grisi kwenye bati linalokutana na stopa, nenda ukarudi, kisha tazama alama. Grisi ikiguswa mara moja moja kwenye shimo kubwa, sawa. Ikiwa imebanduliwa yote kwa safari fupi, kimo ni kidogo au mzigo ni mkubwa. Stopa isipoguswa kabisa na bado inagonga, ni mbaya zaidi: bati la juu na la chini vinakutana ndani ya puto. Ongeza urefu wa stopa ili iwahi kabla ya puto.

Kutikatika kwa haraka, tiki-tiki-tiki kwenye mikunjo midogo, ni bushi au bolti. Ingiza mtaimbo kati ya mkono na masikio yake, ukung'ute pole pole huku mwenzako akishika kidole kwenye kiungo. Mchezo wowote unasikika kwa kidole kabla haujaonekana kwa jicho.

Bushi ya mpira iliyokufa mapema kwa kawaida iliuawa siku ya kufunga. Bomba lake la ndani hubanwa na bolti lisizunguke, na mpira ndio unaojikunja mkono unapopanda na kushuka. Fundi akikaza bolti mkono ukiwa unaning'inia, trela likishuka kwenye kimo chake bushi tayari imekunjwa nusu ya uwezo wake, na kila mkunjo mpya unaanzia hapo. Legeza bolti, shusha trela kwenye kimo cha kazi, ndipo ukaze. Sikio la bati likiwa limeshatoboka umbo la yai, bolti nene zaidi haitasaidia muda mrefu. Chomelea washa nene au bomba fupi pande zote mbili, na uchague bolti ambayo sehemu yake isiyo na nyuzi ndiyo inayokaa ndani ya sikio.

Matairi yanaliwa

Huu ndio ugonjwa mkubwa wa matrela haya. Ekseli iliyonyooka inayalazimisha matairi mawili yatazame mbele. Ukijenga mikono miwili inayojitegemea, kazi hiyo umeichukua wewe, na huwezi kuifanya kwa jicho.

Anza kwa kiganja. Kipitishe juu ya kashata za tairi (vile vipande vya mpira vya usoni) kutoka bega la nje kwenda la ndani, kisha rudi. Ikiwa upande mmoja unateleza na kurudi kunakukwaruza kama meno ya msumeno, tairi halitazami mbele sawasawa. Ikiwa ni laini kote lakini bega la ndani limeisha na la nje lina kashata, tairi limeinama. Vyote viwili vikiwepo pamoja, usishangae.

Kwa kutazama mbele: trela liwe na mzigo na kimo chake. Inua tairi, lizungushe huku umeegemeza msumari kwenye kigingi ili uchore mstari mwembamba kuzunguka kashata. Fanya kwa yote mawili, shusha, sukuma trela mbele mita kadhaa ili mikono itulie. Sasa pima kutoka mstari hadi mstari upande wa mbele wa matairi, kisha upande wa nyuma, kwa kimo cha habu. Fremu ikizuia futi ya kupimia, pima chini yake, mradi mbele na nyuma iwe kimo kile kile. Vipimo viwe sawa, au cha mbele kiwe pungufu kwa mm 1 hadi 3. Kwenye tairi la kipenyo cha mm 750, digrii moja tu ni mm 13, kwa hiyo ukipata tofauti ya mm 10 usiiite ndogo.

Kipimo hicho peke yake hakitoshi, maana matairi yanaweza kuwa sambamba na yote mawili yanatazama Moshi wakati gari linakwenda Dodoma. Vuta uzi kutoka katikati ya kiungo cha kuvutia hadi katikati ya kila habu. Kushoto na kulia visipishane zaidi ya mm 3. Vikipishana, trela linatembea kiubavu, na dereva wa nyuma yako ameshaliona kabla yako.

Kwa kuinama, simamisha kipande kilichonyooka cha flati ba kwenye ukingo wa rimu, juu na chini, weka pima maji. Pima trela likiwa tupu, pakia, pima tena. Hapa ndipo unapojua ugonjwa ni wa aina gani. Ikiwa tairi limeinama kiasi kile kile tupu na likiwa na mzigo, lilichomelewa vibaya. Ikiwa linainama zaidi kadiri unavyopakia, kuna kitu kinajipinda: bushi, masikio, au mkono wenyewe.

Mkono kujipinda ni jambo la kawaida kuliko mafundi wanavyokubali. Tairi liko nje ya mkono, si chini yake. Ardhi inasukuma juu kutoka pembeni, na mkono unakamuliwa kama kitambaa chenye maji, kichwa cha tairi kikiingia ndani. Chaneli iliyo wazi upande mmoja ni dhaifu sana dhidi ya kukamuliwa, hata ikiwa nene. Skwea paipu iliyofungika pande zote ina nguvu mara nyingi zaidi kwa uzito ule ule wa chuma. Kama mikono yako ni ya chaneli, ifunge kwa bati upande ulio wazi, urefu wote. Masikio ya bolti nayo yawe mbalimbali: bushi mbili zilizoachana sm 30 zinashika tairi vizuri kuliko mbili zilizokaribiana sm 10.

Kama ni kosa la kuchomelea, kisa chake kinajulikana. Shafti fupi ya habu ilichomelewa upande mmoja hadi mwisho, joto likaivuta. Usiipige nyundo ikiwa ya moto. Kata, tengeneza bati la kufungwa kwa bolti nne kati ya mkono na shafti, na rekebisha kwa shimu (vipande vyembamba vya bati vya kujazia nafasi). Ukijenga upya, acha sikio moja la kila mkono na tundu refu kidogo ili uweze kusogeza kabla ya kukaza. Tundu hilo la ziada ni la thamani kuliko jeki ya kisasa.

Puto limechanika: soma mahali lilipochanikia

Usilitupe kabla hujalisoma. Likiwa limetoka kwenye bati la juu au mpira umevutwa pembeni ya ukingo, lilivutwa kupita urefu wake, na mkanda wa kuzuia haupo au ni mrefu mno.

Likiwa limesuguliwa upande mmoja hadi nyuzi zinaonekana, linagusa fremu, shokapu au kichwa cha bolti. Kumbuka puto hunenepa linapobanwa. Nafasi ya sm 2.5 uipime likiwa limebanwa hadi stopa, si likiwa limesimama vizuri gereji.

Alama mbili zinazotazamana, mfano wa kitu kilichong'atwa, maana yake lilikunjwa na kubanwa likiwa na upepo mdogo mno. Hii ni habari ya maputo ya mtumba ya basi. Bei nafuu, mpira mnene, yanavutia. Lakini puto la kipenyo cha kazi cha sm 25 lina eneo la karibu sentimita za mraba 490. Kwa zile kilo 750 za mfano wetu linahitaji bar 1.5 tu, na trela likiwa tupu ni chini ya bar 1. Kuta zake hazipati nguvu ya kusimama, zinajikunja, na siku moja mkunjo unaingia kati ya chuma na chuma. Puto dogo lenye presha nzuri ni bora kuliko kubwa lililolegea.

Nyufa nyembamba kila mahali ni uzee na jua. Matundu madogo ya mviringo yenye midomo iliyoyeyuka ni cheche za kuchomelea, na aliyefanya hivyo hakulifunika. Puto la aina ya soksi, lile linaloviringika juu ya pistoni, likichanika kwenye mkunjo wa chini limesagwa na kokoto zilizonaswa hapo. Kwa barabara zetu za changarawe na lile vumbi la Natron ningechagua lenye viuno, lisilo na mfuko wa kukusanya mawe.

Na kiraka cha tairi hakishiki hapa. Usijaribu.

Linayumba kama mkia

Si kazi ya maputo. Weka kiungo cha kuvutia juu ya kipande cha ubao kwenye mizani ya bafuni, trela likiwa sambamba na ardhi. Unatafuta karibu asilimia 10 ya uzito wote: kilo 100 kwa trela la 1,000. Ikiwa ni 40, kuna mtu amefunga matairi mawili ya akiba na madumu ya mafuta nyuma ya kila kitu. Yasogeze mbele.

Nyufa kwenye chuma

Tafuta mstari mwembamba wa kutu ya rangi ya chungwa unaochuruzika kutoka kwenye rangi iliyopasuka, hasa pembeni ya mshono, si juu yake. Sehemu tatu za kuanzia: mzizi wa masikio ya mkono, pale bati la juu la puto linapokutana na fremu, na pale mhimili wa kuvutia unapoingia chini ya sanduku. Ukitilia shaka, paka mafuta ya taa, subiri, futa pakauke, kisha paka unga wa chaki. Ufa utayatapika mafuta na kujichora.

Bati la juu la puto linasahaulika sana. Kilo 750 ni za trela likiwa limesimama, na shimoni nguvu hiyo inaongezeka maradufu. Ukilibandika bati katikati ya skwea paipu ya mm 2, ukuta unabonyea ndani. Bati lipande juu ya kiungo cha kukingama na lisambaze mzigo hadi kwenye kuta za pembeni.

Kuziba ufa: toboa tundu la mm 6 mwisho wake ili usiendelee, chonga kwa grenda, chomelea, kisha funika kwa bati lenye ncha zilizochongoka mfano wa almasi. Bati la mraba lenye mshono wima linahamisha ufa sm 5 mbele, basi. Ondoa puto kabla, na kibanio cha waya wa ethi wa mashine ya kuchomelea kikae karibu na mahali pa kuchomelea. Kikikaa upande wa pili wa habu, umeme unapita kwenye beringi na kuzichoma vidoti.

Habu ni ya moto

Baada ya kilomita 20 au 30, gusa zote mbili. Vuguvugu ni kawaida. Usiyoweza kuishika inakwenda kufa: nati imekazwa mno, grisi imeisha, au maji yameingia. Habu ya moto ikizamishwa mtoni ghafla inavuta maji kupitia sili, na grisi iliyogeuka rangi ya maziwa ndiyo ushahidi.

Sababu moja ni ya matrela ya kienyeji hasa. Hilux ina nati sita kwenye duara la mm 139.7, lakini Land Cruiser 79 ya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 ina tano kwenye mm 150. Watu wanaotaka tairi moja la akiba kwa gari na trela wanafunga adapta. Adapta inasukuma tairi nje, beringi ya nje inabeba isichopimiwa, na mkono unakamuliwa zaidi, kwa hiyo bega la ndani la tairi linaliwa pia. Badilisha habu nzima.

Puto likipasuka mbali na gereji

Inua fremu kwa jeki upande huo hadi kimo cha alama ya rangi, weka stendi au mawe makubwa yaliyolala imara. Fungua puto lililokufa ulitoe lote, lisije likasagwa likapoteza hata mabati yake ambayo utayahitaji. Ingiza kipande cha mti mgumu kati ya mkono na fremu pale puto lilipokuwa, chenye urefu wa kukaribia kimo cha kawaida, na chini yake weka vipande vya mpira wa tairi kuukuu. Kifunge kwa mkanda wa kukazia kuzunguka mkono na fremu, mara mbili, ili mkono usidondoke na kukiachia. Hamisha mizigo mizito kwenda upande mzima na mbele, punguza upepo wa tairi lililo upande wa mti hadi psi 20 hivi, kisha endesha kilomita 20 hadi 30 kwa saa, ukisimama mara kwa mara kuukaza mkanda.